Mkatale wa Kupigia Picha

Niliwahi kumrushia mtu jiwe nikiwa na miaka kumi na miwili, na lilimpata. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya mkatale huniambia, pole dada, ulishikwa na hofu tu siku ile. Sikushikwa na hofu. Ilikuwa Mwanza, karibu na stendi. Watu walikuwa wamemzunguka mwizi wa redio, na mimi nilikuwa natoka shule na sare yangu, madaftari kwenye mfuko wa plastiki. Nikapenya katikati ya miguu ya watu wazima, nikaokota jiwe, nikarusha. Lilimgonga juu ya sikio. Akageuza kichwa kutazama limetoka wapi, na mimi nikafurahi. Mwanamume mmoja akanisifu, "Safi, mtoto!" Nilirudi nyumbani nikala ugali wangu wote. Sikujua kama yule mtu alipona, na kwa miaka mingi sikuuliza.

Sasa ninaishi Toronto, Crescent Town, ghorofa ya kumi na nne, na kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wasio wangu. Kaka yangu ndiye aliyenitangulia nchi hii na ndiye aliyenipokea. Mkewe, wifi yangu, ni mwanamke wa shughuli: harusi, msiba, ubatizo, lolote linalohitaji sufuria kubwa na viti vingi, utamkuta mbele na orodha yake. Kiangazi kile yeye na wenzake waliomba kwa wakuu wa mji uwanja wa kufanyia siku yetu, sisi tunaozungumza Kiswahili, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Tukapewa uwanja mdogo mji wa kale, jirani na soko.

Katikati ya uwanja ule kuna nguzo ya mawe, na juu ya nguzo amesimama bwana wa shaba mwenye koti refu, njiwa wamempaka kinyesi mabega yote. Chini yake kuna jukwaa la mbao, na juu ya jukwaa upo mkatale. Ni mbao mbili nene zilizolaliana, zimetobolewa matundu matatu: la kati la shingo, ya pembeni ya mikono. Ubao wa juu unafunguka kwa bawaba, mtu anainama, unateremshwa, ameshikwa. Kibao kinaeleza kwamba zamani soko lilikuwa na mkatale wa kweli, na kwamba huu ni wa kuigiza tu, wageni wapigie picha.

Asubuhi alikuja msichana wa Kizungu mwenye kofia ya kizamani, kazi yake kuwatembeza wageni. Akatueleza kwamba mkosaji alifungwa pale saa nzima, na watu wa mji wakamtupia mayai yaliyooza, matope, paka waliokufa, na wengine mawe. Wapo waliotoka bila jicho. Wapo waliopigiliwa sikio kwenye ubao kwa msumari. Alisimulia yote hayo huku anatabasamu, maana ndivyo alivyofundishwa kazini. Kaka yangu aliwatafsiria wazee, wazee wakacheka, na akina mama wa kwaya wakapanga foleni kupiga picha ndimi zikiwa nje. Mimi pia nilitia kichwa. Shingo inabanwa kidogo, na humwoni anayekujia kwa nyuma.

Mkoba wangu siku hiyo ulikuwa na pasipoti, kadi ya ukaazi na barua ya kuniita kwenye kiapo cha uraia. Miaka kumi na mitatu niliisubiri barua ile. Nisingeviacha nyumbani, kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wanaingia na kutoka kwenye vyumba vyetu wiki nzima. Niliuning'iniza kwenye kiti changu, nikaenda kugeuza mishkaki.

Saa tisa mawingu yalikusanyika. Niligeuka kuangalia kiti, nikakikuta kitupu. Nikatazama huku na kule, nikauona mkoba wangu mweusi, wenye utepe mwekundu nilioufunga mwenyewe, uko begani mwa mwanamume nisiyemjua. Alikuwa anatembea haraka kuelekea barabara ya maegesho.

Mimi Kiingereza nakizungumza kutwa. Kazini, kwenye basi, kwa daktari, na siku hizi hata nikijigonga kidole. Lakini kilichonitoka kifuani ni Kiswahili kile kile cha stendi.

"Mwizi! Mwizi huyooo!"

Ningepiga kelele kwa Kiingereza, labda watu wawili wangegeuka na mmoja angeniuliza kama niko salama. Lakini uwanja ulikuwa na watu karibu mia tatu, na wote walilielewa neno lile tangu utotoni. Hakuna aliyeuliza nani, wala ameiba nini. Kiongozi wa kwaya alidondosha kipaza sauti, kikapiga mbinja. Mama mmoja wa Kirundi alivua kiatu. Kaka yangu, mwenye miaka hamsini na sita na goti linalomtesa kila ngazi, aliruka meza ya sambusa kama kijana.

Walimdaka kabla hajafika barabarani. Pigo la kwanza lilikuwa la kiti cha kukunja, la mgongoni, akaenda chini na alivyobeba vikatawanyika. Nami nilikimbia. Nilifika pale mkoba wangu ulipoangukia, umefungwa vizuri, hakuna kilichotoka, na sikuuokota. Niliuruka. Nilikuwa na haraka ya kufika kabla mambo hayajaisha.

"Mama, miye siko mwizi!" alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili cha Wakongo wa Uvira. "Ni ule mama wa kitenge ya bleu! Alinipatia ye mwenyewe!"

Akina mama waliovaa kitenge cha bluu siku hiyo walikuwa ishirini. Ndiyo ilikuwa sare. Mtu mmoja wa Nairobi akajibu, "Bado anaongea? Piga yeye!" na wakampiga mdomoni. Kisha nikasikia sauti ikisema, "Mkatale! Mpelekeni kwenye mkatale!" Wapo waliocheka. Nadhani mpaka hapo wengine waliona bado tumo kwenye mchezo wa asubuhi. Mimi niliijua sauti ile. Ilikuwa ya kaka yangu.

Walimburuta, wakampandisha, wakamkandamiza shingo kwenye tundu la kati. Mkono wa kushoto ukaingia mahali pake. Wa kulia haukuingia, alikuwa anajishikilia nao kwenye ukingo. Kaka yangu aliinua ubao wa juu na kuushusha kwa uzito wake wote. Nilisikia mfupa. Ni sauti ndogo tu, mtu angeweza kudhani ni kijiti. Kisha yule mtu akalia, na kilio chake sitakieleza.

Msichana wa kofia alikuwa ametueleza habari ya mayai. Mayai tulikuwa nayo, ya kuchemsha, trei nzima. Yakaanza kuruka. Zikaruka chapati, ikaruka sahani ya pilau, ikaja chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, ikampasua mdomo. Simu zilikuwa juu, mikono kwa mikono, kila mtu anataka picha. Hapo ndipo nilipopanda jukwaani. Nilisimama mbele yake, uso wake ukiwa usawa wa tumbo langu, nikampiga makofi mawili. La kulia, la kushoto. Sikuwaza karatasi zangu hata kidogo. Niliona raha, ile ile ya miaka kumi na miwili, na ninaona aibu kuiandika lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wifi yangu alikuwa amevuka barabara kwenda chooni. Alirudi mbio, kilemba kimemtoka.

"Jamani, mnaua! Mimi ndiye niliyempa! Nilimwambia mvua inakuja, kaka nisaidie, peleka mikoba garini! Nilimpa na ufunguo!"

Ufunguo ulikuwa umevikwa kwenye kidole cha mkono ule wa kulia. Mikoba ilikuwa mitatu, yote ya kina mama, mmoja wa maua. Mimi niliona mmoja tu.

Zikashuka simu. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuuinua ubao. Watu wakaanza kukunja meza, kufunika sufuria, kuita watoto wao kwa sauti za kawaida. Mvua ikaanza. Wifi yangu ndiye aliyeuinua, peke yake, anatukana matusi ambayo sikujua anayajua.

Polisi walipofika, uwanja ulikuwa na watu kumi na watano na wote hawakuona kitu. Kaka yangu alikuwa amekaa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mimi nilisema nilikuwa nageuza nyama. Yule mtu, amelazwa kwenye machela, aliulizwa ni nani waliomfanyia hivi. "Sijue," alisema. "Walikuwa mingi." Alisema hivyo ananitazama mimi, nikatazama njiwa.

Kwetu jambo la namna hii halipelekwi mbele. Linamalizwa nyumbani. Siku ya nane tulikwenda wanne, mimi, kaka, wifi na mzee mmoja wa kanisa, mpaka kwenye ghorofa za Dixon Road alikokuwa akiishi na wenzake wawili. Tulibeba mchele, mguu wa mbuzi na blanketi jipya. Alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta hadi kwenye kiwiko, vyuma vimejitokeza penye vidole. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha mikate, na bila mikono miwili hakuna anayekuhitaji kule.

Kaka yangu akiomba msamaha ni mtu wa kupendeza. Alipiga magoti. Alilia machozi ya kweli. Yule mtu alimsamehe upesi, akamwinua, akatupa chai kwa mkono mmoja, tunamtazama anavyohangaika na kifuniko cha chupa na hakuna aliyejua kama kumsaidia ni heshima au ni dharau. Kisha akanigeukia.

"Mama, nikuombe kitu moja tu."

"Sema, ndugu yangu."

Akanieleza. Alikuwa na mchumba, binti wa Uvira mwenzake. Mambo ya posa yalikuwa yamefika mbali, wazee walishakutana mara mbili. Sasa video ya mkatale ilikuwa imefika kwa baba wa binti. Ilikuwa imefika kila mahali, kutoka simu hadi simu, mpaka kwao Uvira. Baba mtu ametuma ujumbe kwamba mambo yamesimama.

"Mukono itapona," alisema. "Lakini pale kwa church banasema 'ule mwizi'. Batoto pia. Ni weye ulianza kuita, mama. Useme mbele ya batu kama miye siko mwizi. Unifanyie hata video. Dakika moja."

"Nitafanya," nilisema. "Kesho."

Ndani ya lifti kaka yangu alikuwa ameshanishika mkono wa juu, hapa penye nyama. Alinibana mpaka tunafika chini na hakunitazama. Aliachia tulipofika kwenye gari, zikabaki alama za vidole vinne.

"Ukitoa video umenifukuza nchi," alisema. "Unanisikia? Sura yako, sauti yako, unakiri. Polisi watakuita, watakuuliza nani aliushusha ubao. Utasema nini?"

Kaka yangu amekaa Canada miaka ishirini na hakuwahi kuomba uraia. Uvivu wa makaratasi tu, kila mwaka anasema mwakani. Mtu wa namna hiyo akipatikana na kosa kubwa anaweza kurudishwa kwao. Wifi yangu alisema toka kiti cha nyuma, "Angekuwa ameyawaza hayo alipokuwa juu ya jukwaa." Kaka akapiga usukani ngumi mpaka honi ikalia, watu wakageuka.

Kesho ikapita. Nilikaa wiki tano. Katikati ya wiki hizo nilikwenda kwenye kiapo, nikainua mkono wa kulia, nikaapa, nikapewa bendera ndogo ya karatasi. Yule ndugu alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. Hakuwahi kunifokea. "Mama, ile yetu imefika wapi?" Nami nilimjibu kazi nyingi, wazee wangu wanaumwa, simu yangu ina shida ya kamera. Nilimdanganya mtu niliyempiga makofi.

Wiki ya sita akaja na habari: baba wa binti amekubali kunisikiliza. Mimi tu, ana kwa ana, nyumbani kwake Don Mills, Jumamosi saa nane. Hakuna video, hakuna karatasi. Nikaona hata kaka hawezi kunizuia kunywa soda kwa mtu. Nikavaa vizuri nikaenda.

Mimi na yule ndugu tulikutana chini ya jengo. Alikuwa amevaa suti ya bluu, mkono wa kulia wa koti umechanwa kwenye mshono na kutiwa pini ili plasta ipite. Alijua hataruhusiwa kupanda. Alisema alivaa tu, endapo wangemwita.

Baba wa binti alikuwa dereva wa teksi aliyestaafu, mtu mpole, televisheni inaonyesha mpira bila sauti. Alinipa Fanta na kitambaa cha kufutia mikono. Nyuma ya mlango wa chumba kulikuwa na mtu amesimama, niliona vivuli vya miguu kwa chini. Nikaeleza yote. Mkoba, mishkaki, nilivyoita, nilivyoruka mkoba wangu mwenyewe. Nilieleza ubao na nikasema aliyeushusha ni kaka yangu, tumbo moja. Nilieleza makofi.

"Aksanti, mama," alisema. "Lakini miye nilijua tangu siku ya kwanza. Mwizi gani atabeba sac tatu za bamama?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua?"

"Nilijua. Siko mujinga."

"Sasa kwa nini?"

Aligeuza kizibo cha soda mezani. "Kwa sababu nilimuona, mama. Nilimuona vile alikuwa analia na yai kwa uso. Alikuwa anaita mama yake. Famille yote kule kwetu ilimuona, bandugu yangu, bajirani. Siku ya ndoa batu watakuwa banamuangalia, na kila mutu atakuwa anaona ile mbao kwa shingo. Batoto ya binti yangu wataiona siku moja kwa telefone." Akaniangalia. "Kama ungesema siku ile ile, mbele ya ile video kufika kule, tungecheka tu. Ungesema kesho yake. Sasa imekwisha kufika."

Nilisimama. Chupa ilikuwa mkononi mwangu, na nilitaka kumvunjia kichwani, nalisema kama lilivyo. Mkono ulishapanda. Yeye hakusogea. Niliiweka chupa mezani, soda ikamwagika kwenye kitambaa, nikamwambia yeye ni mtu mbaya.

"Ni kweli," alisema, akanifungulia mlango.

Yule ndugu alikuwa amesimama ukumbini chini, karibu na masanduku ya barua. Alikuwa hajakaa, asije akakunja suti. Akauliza, "Anasema nini?" Ningeweza kumdanganya, na nilikuwa na mazoezi ya wiki sita. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia hata habari ya kumwita mama yake, nikamwambia na zile siku: kwamba ningesema mapema, lingekwisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipiga, kwa mkono wa kushoto, kofi zito lililonizungusha. Miwani yangu iliruka ikagonga masanduku. Nilionja damu. Aliinua mkono tena, ukabaki juu, na mimi nilimsogelea ili aushushe. Haukushuka.

Mlinzi wa jengo, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, alishatoka nyuma ya meza yake na redio mdomoni. Akasimama kati yetu. Aliniuliza kwa Kiingereza kama niite polisi au aite yeye.

"Hapana," nilisema. "Hajanifanya kitu. Ni ndugu yangu. Tunazungumza."

Alitazama mdomo wangu, akamtazama mwenzangu na plasta yake. Haikumwingia akilini. Inaonekana walifundishwa namna ya kumpima mwanamke anayemkinga mtu kwa hofu, maana aliinama kidogo, akaniuliza taratibu:

"Kama ni ndugu yako, anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Miezi miwili karibu nilikuwa nimemwita ndugu, kaka, mwenzangu. Nyumbani kwetu tulimwita yule kijana. Kanisani walimwita mnavyojua. Kwenye simu yangu, pale namba yake inapotokea kila Jumapili, nilikuwa nimeandika "Mkono". Mlinzi alikuwa ananitazama, kidole kwenye kitufe cha redio, na yeye naye, katika suti yake ya bluu, alikuwa ananitazama, anasubiri nimtaje.